Fomu ya mkutano na stetimenti ya mwanachama: kujenga hifadhidata ya kikoba kwa Access

Kabla hujawasha kompyuta, omba karatasi. Mwambie katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, akupe daftari la mkutano uliopita, kitabu cha hisa cha mwanachama mmoja, na ile taarifa ambayo mweka hazina huwasomea wanachama mwisho wa mwezi. Daftari ndilo litakalokuwa fomu. Kitabu cha hisa na taarifa ya mwezi ndizo zitakazokuwa ripoti.

Mimi huanza na ripoti, na nitalitetea hilo mbele ya yeyote. Nachukua karatasi ya A4 na penseli, nachora stetimenti ambayo mwanachama atapewa mkononi, kisha nauliza kila tarakimu iliyo juu yake: wewe unaandikwa au unakokotolewa? Kiasi cha hisa kinaandikwa. Salio linakokotolewa. Chochote kinachokokotolewa hakina haki ya kuwa na safu yake ndani ya jedwali, kwa sababu siku rekodi ya zamani itakaporekebishwa, salio lililohifadhiwa litabaki vilevile na kikundi kizima kitabishana. Wanaoanza na fomu kwa kawaida huishia kuhifadhi salio, maana fomu ina nafasi ya kulijaza na mkono unawasha.

Hapa natumia Microsoft Access, kwa sababu ndiyo ninayoikuta kwenye ofisi nyingi za Morogoro ninakofanyia kazi hizi, na kwa sababu fomu na ripoti zake unazijenga kwa kuburuta visanduku kwa kipanya. Inafanya kazi kwenye Windows tu. Faili moja la .accdb halizidi GB 2, na kikoba cha watu 30 hakitafika hata robo yake. Asiyekuwa na leseni atumie LibreOffice Base, ambayo ni ya bure; vitufe vitatofautiana, mawazo ni yaleyale. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Majedwali matatu

Jedwali la Wanachama lina NambaMwanachama, Jina, KundiDogo, Simu, TareheKujiunga na Hai. Namba iwe ileile iliyo kwenye kitabu cha hisa, usiiachie Access iitunge kwa AutoNumber. AutoNumber huruka ukighairi rekodi katikati, na mwanachama namba 17 hatakubali kuamka akiwa 19. Simu iwe Short Text. Ukiiweka Number, sifuri ya mwanzo inapotea.

Jedwali la Miamala lina MuamalaID (hii ndiyo AutoNumber, hakuna atakayeiona), NambaMwanachama, AinaID, Tarehe na Kiasi. Kiasi kiwe Currency, lakini kwenye Format andika #,##0 ili senti zisijitokeze na alama ya fedha ya nchi nyingine isije ikajipachika. Kwenye Validation Rule andika >0, na kwenye Validation Text andika ujumbe kwa Kiswahili: "Kiasi lazima kizidi sifuri". Kisha weka Required iwe Yes. Sharti la >0 peke yake halizuii kisanduku kuachwa tupu.

Jedwali la tatu ndilo lenye akili yote ya mfumo. Liite AinaZaMiamala, na liwe na safu tano: AinaID, JinaAina, Mfuko, Alama na Sanduku. Mfuko inasema muamala ni wa hisa, wa mkopo au wa jamii. Alama inasema muamala unafanya nini kwenye hesabu ya mwanachama. Sanduku inasema unafanya nini kwenye fedha taslimu.

| JinaAina | Mfuko | Alama | Sanduku |
|---|---|---|---|
| Hisa | Hisa | 1 | 1 |
| Mkopo uliotolewa | Mkopo | 1 | -1 |
| Riba | Mkopo | 1 | 0 |
| Rejesho | Mkopo | -1 | 1 |
| Mchango wa jamii | Jamii | 1 | 1 |
| Faini | Jamii | 1 | 1 |

Tazama mstari wa riba. Mwanachama akikopa 300,000 na kuandikiwa riba ya 30,000, deni lake ni 330,000, ila sandukuni zimetoka 300,000 tu. Ile sifuri inalinda tofauti hiyo. Kama kikundi chako hukata riba papo hapo kabla ya kumpa mkopaji fedha, au kama faini zina mfuko wake, rekebisha mistari ifuate katiba ya kikundi. Katiba ndiyo inayotawala hapa. Wewe unaitafsiri tu kuwa moja, sifuri na hasi moja.

Unganisha majedwali kwenye Database Tools, kisha Relationships. Buruta NambaMwanachama kutoka Wanachama hadi Miamala, na AinaID vivyo hivyo. Weka tiki kwenye Enforce Referential Integrity, ili asitokee mtu wa kuandika hisa za mwanachama asiyekuwepo. Ile tiki ya Cascade Delete iache tupu kabisa: mwanachama akifutwa kwa bahati mbaya, miamala yake yote itafutika naye. Anayejitoa kikundini hafutwi, anaondolewa tiki kwenye Hai.

Sasa tengeneza kwiri moja, yaani swali lililohifadhiwa, uiite kMiamala. Iunganishe Miamala na AinaZaMiamala, chukua safu zote unazozihitaji, kisha ongeza safu mbili za hesabu:

Thamani: [Kiasi]*[Alama]

Taslimu: [Kiasi]*[Sanduku]

Masalio yote yatatoka hapa.

Fomu ya siku ya mkutano

Mfikirie atakayeitumia. Katibu ameketi, wanachama wamepanga foleni na vitabu vyao, mmoja anahesabu noti, mwingine anataka kuwahi daladala. Fomu nzuri kwa mtu huyu ni ile ambayo mkono hauondoki kwenye kibodi. Rangi na nembo ya kikundi ziweke ukipenda, lakini mwisho.

Nenda Create, kisha Form Wizard. Chagua kwanza jedwali la Wanachama, uchukue namba, jina na kundi dogo. Bila kutoka hapohapo badilisha jedwali liwe Miamala, uchukue AinaID, Tarehe na Kiasi. Kwa kuwa umeshaunganisha majedwali, Access itakuuliza kama unataka fomu yenye fomu ndogo ndani yake. Kubali, na upande wa mpangilio uchague Tabular. Datasheet inavutia kwa kuwa inafanana na Excel, lakini haionyeshi sehemu ya chini ya fomu, mahali ambapo utataka kuweka jumla siku moja. Fomu kuu ipe jina fMkutano.

Ifungue kwa Design View, ubofye ukingo wa fomu ndogo, ubonyeze F4 ili dirisha la sifa litokee. Kwenye Link Master Fields na Link Child Fields lazima usome NambaMwanachama kote kuwili. Pakiwa tupu, kila mwanachama ataonyeshwa miamala ya kikundi kizima.

AinaID imekuja kama kisanduku cha tarakimu, na katibu hatakariri kwamba 4 ni rejesho. Ibofye kulia, Change To, Combo Box. Kisha kwenye sifa zake:

Row Source: SELECT AinaID, JinaAina FROM AinaZaMiamala ORDER BY AinaID;

Column Count: 2

Column Widths: 0cm;4cm

Bound Column: 1

Limit To List: Yes

Ile 0cm inaficha tarakimu na kuacha jina peke yake. Katibu akiandika "Re", orodha inajaza "Rejesho" yenyewe. Nimepanga kwa AinaID makusudi, si kwa alfabeti, ili aina zifuatane jinsi zinavyofuatana mkutanoni.

Tarehe ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Wengi huandika =Date() kwenye Default Value, na inafanya kazi mradi miamala iingizwe siku ileile. Lakini umeme ukikatika Jumamosi, katibu ataingiza Jumatatu, na mkutano mzima utaonekana ulifanyika Jumatatu. Kwa hiyo juu kwenye fomu kuu weka kisanduku kimoja kisichofungwa kwenye jedwali lolote, ukiite TareheMkutano, Format yake iwe Short Date ili kalenda ndogo itokee pembeni, na Default Value iwe =Date(). Kisha kwenye safu ya Tarehe ya fomu ndogo, Default Value iwe:

=[Forms]![fMkutano]![TareheMkutano]

Katibu anaweka tarehe ya mkutano mara moja, na kila mstari mpya unaifuata hata akihama kutoka kwa mwanachama mmoja kwenda kwa mwingine.

Kumtafuta mwanachama kusiwe kazi ya kubofya mishale. Kwenye kichwa cha fomu buruta Combo Box nyingine huku msaidizi (Use Control Wizards) amewashwa, uchague lile chaguo la tatu linalotafuta rekodi kulingana na ulichochagua kwenye orodha. Weka namba, jina na kundi dogo, vyote vionekane. Kwenye vikundi vya huku hukosi akina Mwajuma wawili au watatu, na kundi dogo ndilo linalowatofautisha haraka.

Kisha muonyeshe katibu hali ya mwanachama papo hapo, maana mkopo hauidhinishwi bila kuangalia hisa. Vikundi vingi huruhusu hadi mara tatu ya hisa za mtu. Weka kisanduku kwenye fomu kuu, ukiite txtHisa, na ndani yake:

=Nz(DSum("Thamani","kMiamala","NambaMwanachama=" & Nz([NambaMwanachama],0) & " AND Mfuko='Hisa'"),0)

Kingine cha deni, badala ya Hisa andika Mkopo. DSum ndiyo inayojumlisha safu ya Thamani kwa masharti uliyoyaandika. Nz ya nje inageuza utupu kuwa sifuri kwa mwanachama mpya, na ile ya ndani inazuia #Error ukiwa kwenye rekodi ambayo bado haina namba. Muamala ukishahifadhiwa, F9 inakokotoa upya. Visanduku hivi viwili vipe Tab Stop ya No, ili kiteuzi kisisimame mahali pasipoandikwa.

Mfundishe katibu vitufe vitatu. Ctrl+Tab inamtoa fomu ndogo na kumrudisha fomu kuu. Ctrl na alama ya ' inanakili thamani ya mstari wa juu. Esc inaghairi anachoandika, na Esc ya pili inaghairi mstari mzima. Nimeona makatibu wakiacha kabisa kipanya baada ya kuvizoea.

Stetimenti

Ripoti ya Access ina sehemu zinazopangana kutoka juu hadi chini: kichwa cha ripoti, kichwa cha ukurasa, vichwa vya makundi, sehemu ya Detail, kisha miguu ya vyote hivyo. Ukishajua kila sehemu hujirudia lini, umemaliza nusu ya kazi. Detail hujirudia kwa kila muamala. Kichwa cha kundi hujirudia kila kundi linapobadilika. Kichwa cha ripoti hutokea mara moja tu.

Anza na fomu ndogo ya kuuliza kipindi, iite fRipoti, yenye visanduku viwili, Kuanzia na Hadi, vyote vikiwa na Format ya Short Date. Halafu tengeneza kwiri kStetimenti kutoka Wanachama na kMiamala. Kwenye sharti la Tarehe andika:

Between [Forms]![fRipoti]![Kuanzia] And [Forms]![fRipoti]![Hadi]

na kwenye Mfuko: In ("Hisa","Mkopo"). Michango ya jamii haina salio la mtu binafsi, hivyo haimhusu kwenye stetimenti.

Nenda Create, Report Design, na kwenye Record Source uchague kStetimenti. Bofya Group & Sort. Kundi la kwanza NambaMwanachama, la pili Mfuko, kisha panga kwa Tarehe, na chini yake MuamalaID. Usiiache hiyo MuamalaID: mwanachama akikopa na kurejesha siku moja, bila yake mistari inaweza kupinduka na salio likasomeka kinyumenyume.

Kichwa cha NambaMwanachama kibebe jina, namba na kundi dogo, na Force New Page yake iwe Before Section, ili kila mwanachama aanze ukurasa wake. Kichwa cha ripoti chenyewe kiondoe.

Sasa salio. Kwenye Detail weka Tarehe, JinaAina na Kiasi, na kisanduku kingine chenye Control Source ya Thamani, ukiite txtMfululizo, na Running Sum yake iwe Over Group. Access itajumlisha mstari kwa mstari na kuanza upya kila mfuko unapobadilika. Hapo wengi huridhika. Lakini hesabu hiyo inaanzia sifuri tarehe ya Kuanzia, na mwanachama aliyekuwa na hisa za 85,000 mwishoni mwa Februari ataonekana hana kitu tarehe 1 Machi. Kwa hiyo kwenye kichwa cha Mfuko weka kisanduku txtAwali:

=Nz(DSum("Thamani","kMiamala","NambaMwanachama=" & [NambaMwanachama] & " AND Mfuko='" & [Mfuko] & "' AND Tarehe<" & Format([Forms]![fRipoti]![Kuanzia],"\#mm\/dd\/yyyy\#")),0)

Ule mpangilio wa mwezi kabla ya siku si kosa la uandishi. Ndani ya maneno ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, Access husoma tarehe Kimarekani, hata kama Windows yako imewekwa siku kwanza. Ukiiachia bila Format, tarehe 3 Aprili itageuka 4 Machi bila onyo lolote, na tarehe 13 na kuendelea zitakaa sawa, jambo linalolifanya kosa hili ligundulike kwa taabu.

Mwisho, txtMfululizo ifiche kwa Visible ya No, na pembeni yake weka kisanduku cha salio chenye =[txtAwali]+[txtMfululizo]. Mwanachama wetu sasa anasoma: salio la awali 85,000, tarehe 7 Machi hisa 20,000, salio 105,000, tarehe 14 Machi hisa 15,000, salio 120,000. Chini yake mfuko wa mkopo: mkopo 300,000, riba 30,000, rejesho 110,000, deni 220,000. Anaweza kuilinganisha na kitabu chake mstari kwa mstari, bila kumuuliza mtu.

Mwanachama ambaye hakufanya muamala wowote ndani ya kipindi hatatokea kwenye ripoti hii. Kwa stetimenti haidhuru, kwa taarifa ya mweka hazina inadhuru sana, kwani wasiolipa ndio anaowatafuta. Taarifa hiyo usiijenge kutoka kwenye miamala: jenga kwiri juu ya jedwali la Wanachama peke yake, na kila jumla iletwe kwa DSum kama tulivyofanya kwenye fomu.

Yapo mambo matatu yanayowakwamisha watu kwenye uchapaji. Kurasa tupu zikitoka katikati ya zilizoandikwa, upana wa ripoti pamoja na pambizo umezidi karatasi. A4 ina sentimita 21. Ukiweka pambizo za 1.5 kila upande, ripoti isizidi 18. Mara nyingi chanzo ni mstari mmoja uliochorwa hadi ukingoni, ukausukuma mpaka wa ripoti kulia. Ufupishe, kisha urudishe mpaka kwa kipanya. Hakikisha pia karatasi yenyewe imechaguliwa A4 na si Letter. Pili, =Sum([Kiasi]) ukiiweka kwenye mguu wa ukurasa utapata #Error. Mahali pake ni mguu wa kundi au wa ripoti. Tatu, kisanduku chenye fomula kisiitwe jina la safu inayotumika ndani ya fomula hiyo. Kisanduku kilichoitwa Kiasi chenye =Sum([Kiasi]) kinajizungukia chenyewe; kiite txtJumla.

Kwenye mguu wa ukurasa mimi huweka ="Ukurasa " & [Page] & " kati ya " & [Pages], pamoja na tarehe ya kuchapwa. Karatasi mbili zikibishana, tarehe inasema ipi ni mpya.

Kabla ya kukabidhi

Gawanya faili kwa Database Tools, Access Database, ili majedwali yakae kwenye faili moja na fomu na ripoti kwenye jingine. Utakaporekebisha ripoti, utabadilisha faili la pili tu bila kugusa fedha za watu. Faili la majedwali lifungue kwa hali ya Exclusive, uliwekee nywila kupitia File, Info, Encrypt with Password, kisha kwenye faili la fomu ufute viungo vya zamani vya majedwali na kuviunganisha upya. Ndani mna simu na madeni ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nakala ya faili hilo iende kwenye flashi baada ya kila mkutano, na flashi isikae kwenye begi moja na kompyuta.

Kisha jaribu kwa hesabu za kweli. Ingiza daftari lote tangu mzunguko ulipoanza, weka kisanduku chenye =DSum("Taslimu","kMiamala"), na umwombe mweka hazina afungue sanduku mbele ya viongozi wahesabu. Fedha zinazotunzwa benki au kwenye simu zijumlishwe pia. Tarakimu zisipolingana, angalia kwanza safu ya Sanduku kwenye AinaZaMiamala. Gawanya tofauti kwa mbili, utafute muamala wenye kiasi hicho: muamala ulioandikiwa aina yenye alama ya kinyume huleta tofauti maradufu. Usipoupata, tafuta muamala wenye kiasi cha tofauti nzima, huenda kuna mstari ulioandikwa mara mbili au ulioachwa daftarini.